Ibeksi wa majabali ya jangwani: uende Kirthar ya Sindh au milima ya Florida kule New Mexico?

Mwindaji aliyekwisha kuzoea nyati na tandala huja siku akaitamani milima. Akiuliza habari za ibeksi, yule mbuzi mwitu mwenye pembe ndefu zilizopinda kurudi mgongoni, picha anazoonyeshwa karibu zote ni za theluji: Kirgizistani, Tajikistani, Gilgit ya kaskazini mwa Pakistan, watu waliojifunga makoti mazito wakihema kwenye mita 4,000. Wengi hukata tamaa papo hapo. Lakini ibeksi wako pia chini, kwenye majabali makavu ya jangwa. Huko mapafu ya mtu wa pwani yanatosha, na shida ni nyingine: mawe yanayokata viatu, jua, miiba, na mnyama anayekuona kabla hujamwona.

Safari za namna hiyo zinazoulizwa sana na wasomaji wetu ni mbili. Moja ni ya milima ya Kirthar, mkoa wa Sindh, Pakistan. Nyingine ni ya milima midogo iitwayo Florida, karibu na mji wa Deming, kusini magharibi mwa jimbo la New Mexico, Marekani. (Isichanganywe na jimbo la Florida lenye mamba na fukwe, hii ni safu ya milima tu yenye jina hilo.) Nitaziweka bega kwa bega. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua: anayeishi Afrika Mashariki au Ghuba, namshauri Kirthar. Anayeishi Marekani aanze kuomba Florida mwaka huu huu, na asikae akisubiri bahati hiyo peke yake. Na kwa wote wawili, kiongozi wa msako ni wa kuchaguliwa kabla ya nchi.

Mnyama ni mmoja, hali zake ni mbili

Wa Sindh na wa New Mexico ni spishi moja, Capra aegagrus, ile ile ambayo mbuzi wetu wa zizini wametokana nayo. Beberu mzima ana ndevu nyeusi, mstari mweusi begani, na pembe zenye ukingo mkali upande wa mbele. Umri wake husomwa kwenye pingili za pembe.

Tofauti ni kwamba wa Sindh yuko kwao. Ndiye mnyama rasmi wa mkoa ule, na Hifadhi ya Taifa ya Kirthar, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 3,087, ilianzishwa 1974 huku yeye akiwa miongoni mwa sababu kubwa. Spishi nzima imewekwa na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, kwenye daraja la walio karibu kuingia hatarini. Kwa hiyo uwindaji wa Sindh ni wa mabeberu wachache waliozeeka, kwa idadi inayopangwa kila msimu.

Wa New Mexico ni mgeni. Jimbo lilileta mbegu yake kutoka Iran, na wa kwanza wakaachiwa katika milima ya Florida mwaka 1970, katika mpango wa wanyama wa kigeni uliosukumwa kwa nguvu na Frank Hibben, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha New Mexico aliyekuwa pia mwindaji mkubwa. Mpango huo huo ndio ulioleta choroa wa Kalahari kwenye uwanja wa majaribio ya makombora wa White Sands. Ibeksi wakashika, wakazaana. Jimbo sasa linataka wasizidi uwezo wa mlima huo na wasivuke kwenda milima mingine, na ndiyo maana hutoa pia vibali vya majike na wadogo.

Tofauti hii ibebe uzito katika uamuzi wako. Ukipiga jike Florida, unasaidia kazi ya usimamizi ambayo jimbo lenyewe limeiomba. Ukipiga beberu kijana Kirthar kwa papara, umemtoa mnyama ambaye mlima ulikuwa bado unamhitaji, na hakuna fedha inayofidia hilo. Kama lengo lako ni uzoefu na nyama bila pembe za kutundika, Florida ina nafasi yako. Kirthar ni ya anayekubali kukaa siku nzima na kumwacha kila beberu ambaye kiongozi amesema bado.

Kibali: fedha upande mmoja, bahati upande wa pili

Hapa ndipo safari hizi zinapoachana kabisa.

New Mexico ni droo. Unaomba kwenye mfumo wa jimbo, kisha unasubiri. Sheria yao inagawa vibali hivi: asilimia 84 kwa wakazi wa jimbo, asilimia 10 kwa waombaji wenye mkataba na kampuni ya waongozaji iliyosajiliwa na jimbo, na asilimia 6 kwa wasio wakazi wanaoomba peke yao. Tazama tena namba hizo. Kwa asiye mkazi, kuwa na kiongozi kunambadilishia foleni. Anaondoka kwenye ile ya asilimia 6 yenye msongamano wa taifa zima na kuingia ya asilimia 10. Kwa hiyo mazungumzo na kampuni ya waongozaji yaanze kabla ya kuomba, maana ukishashinda peke yako na kumtafuta kiongozi baadaye, faida ile imekwisha kukupita.

Jambo la pili: kibali cha bunduki kwa beberu wa Florida ni cha mara moja maishani. Ukishakipata hukiombi tena. Cha upinde unaweza kukiomba tena, lakini kumfikia ibeksi kwa umbali wa mshale kwenye majabali yale ni kazi ambayo wengi wanaoijaribu hurudi nayo mikono mitupu. Ada ya kibali kwa asiye mkazi ilikuwa kwa muda mrefu zaidi kidogo ya dola 1,600. Gharama ya kiongozi, malazi na usafiri ni juu yake.

Kirthar hakuna droo ya namna hiyo. Idara ya Wanyamapori ya Sindh hutoa vibali vichache kwa msimu, na kampuni za uwindaji huvishindania ili kuwauzia wageni safari kamili. Ukilipa kwa kampuni yenye kibali mkononi, unakwenda. Neno la kushika ni hilo: mkononi. Omba nakala ya kibali cha msimu husika, chenye jina la eneo, kabla hujatuma fedha kubwa. Kampuni nzuri haikasiriki kuulizwa hivyo. Ile inayokujibu kwamba kibali kitatoka tu, usiwe na wasiwasi, iache.

Kuhusu bei, msimlinganishe ibeksi na markhori, mbuzi mwitu mwingine wa Pakistan mwenye pembe zilizosokotwa. Kibali cha markhori wa Astore kule Gilgit-Baltistan kilifika dola 110,000 mwaka 2019, na habari hiyo ndiyo iliyowafanya watu wengi waamini kwamba kila mbuzi wa Pakistan ni wa matajiri. Ibeksi yuko mbali sana chini ya hapo. Ila fedha za markhori zinafundisha jambo: Gilgit-Baltistan asilimia 80 ya ada ya kibali hurudi kwa wanavijiji, na vijiji hivyo ndivyo vinavyowalinda wanyama usiku na mchana. Ukifika Kirthar, muulize mwenyeji wako ni kijiji gani kinapata fungu, kiasi gani, na kilipokea lini mara ya mwisho. Jibu la swali hilo linakueleza hali ya mnyama kuliko picha zozote za pembe. Sisi tunaozijua jumuiya za hifadhi za wanyamapori za Tanzania tunaelewa maana yake: mfugaji akiona faida, mbuzi mwitu hapigwi usiku.

Kisha bunduki na mipaka. Marekani, mgeni aliyeingia kwa viza ya muda hakubaliwi kisheria kushika silaha isipokuwa ana sababu maalumu, na leseni halali ya uwindaji ya jimbo lolote ni mojawapo. Kuingiza yako mwenyewe kunahitaji kibali cha ATF, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia silaha, kwa fomu iitwayo 6NIA, kiombwe mapema. Mwenye makazi ya kudumu hana mzigo huo. Pakistan nako silaha inahitaji kibali chake, na hiyo ni kazi ya kampuni. Lakini wewe ndiye wa kuuliza habari za uwanja wa ndege mtakaobadilishia ndege. Wengi hubanwa hapo katikati wakati nchi zote mbili za mwanzo na mwisho zimeruhusu. Njia ya Addis Ababa ipo. Ethiopian Airlines walirudi Karachi mwaka 2023.

Mawe, jua na mahali atakapoangukia

Nimewasikia watu wakisema "jangwa la chini" kana kwamba yote ni mamoja. Deming yenyewe iko kwenye mita 1,300 hivi, karibu sawa na Arusha, na kilele cha Florida kinafika takriban mita 2,270. Safu nzima ni ndogo: unaiona yote ukiwa barabarani, imesimama peke yake katikati ya tambarare. Miteremko ya chini ina changarawe na vichaka vya miiba na dungusi za kila namna, juu yake yanaanza magenge. Ukianguka kwenye dungusi za pale utakuwa unachomoa miiba wiki nzima.

Kirthar ni matuta marefu ya mawe ya chokaa yaliyopangana, na misako mingi huanzia kwenye mabonde yaliyo mita mia chache tu juu ya bahari. Chokaa ile imeliwa na mvua za miaka mingi ikabaki na makali, na viatu laini vya kutembelea mbugani vinachanika. Uoto wake hautamshangaza mtu wa Dodoma: kuna mgunga wa gundi, ule ule unaokua kwetu, kuna mimea ya jamii ya mnyaa yenye utomvu mweupe, kuna michikichi mifupi ya jangwani. Msimu ni wa baridi yao, mchana wa kupendeza na usiku wa kuhitaji blanketi. Kiangazi joto hupita nyuzi 40 na hakuna wa kuwinda.

Mbinu ni moja pande zote. Ibeksi hutazama chini kuliko juu, kwa sababu hatari zake nyingi hutoka bondeni. Anayetaka kumkaribia hupanda alfajiri na kumzunguka aje kwa juu. Lakini upepo wa mlimani una zamu: alfajiri hewa hushuka mabondeni, jua likishapasha mawe hugeuka na kupanda. Uliyekaa juu asubuhi na mapema unapeleka harufu yako kwake, na uliyechelewa chini unaipeleka vilevile. Saa ile ya kugeuka ndiyo kiongozi wa kweli anayoijua kwa kila korongo, na haifundishwi kwenye video. Ikifika saa sita mchana, mazigazi hupanda kwenye mawe hata darubini bora inaonyesha pembe zinazotetemeka. Hapo watu wazima hupumzika kivulini.

Sasa shabaha. Mwindaji wa kwetu amelelewa kwenye mita 60 hadi 150, amesimama, bunduki nzito ya .375 ikiegemea fimbo tatu. Ibeksi humpiga umelala, bunduki juu ya begi, mita 250 hadi 400, mara nyingi kwa mteremko mkali. Mteremko hubadilisha hesabu: mita 300 kwa pembe ya nyuzi 40 ni kama mita 230 tu za tambarare kwa mahesabu ya kuanguka kwa risasi, na asiyejua hilo hupiga juu ya mgongo. Bunduki nyepesi ya .270 au ya 6.5 inatosha, kinachotakiwa ni mazoezi ya kulala na kulenga kutoka mahali pabaya. Miezi mitatu ya mazoezi hayo inakufaa kuliko bunduki mpya.

Na kabla ya kufyatua, mtazame mnyama miguuni: amesimama wapi, na akiporomoka ataishia wapi? Ibeksi aliyejeruhiwa huenda kwenye genge baya kuliko yote aliyoyajua. Aliyekufa papo hapo huviringika, pembe zikavunjika, nyama ikapondeka, au akanasa kwenye ukingo ambao binadamu hafiki bila kamba. Kiongozi anayekuambia "ngoja asogee" wakati beberu mkubwa amesimama wazi kabisa, huyo mshike. Anayekuhimiza upige upesi kabla hajaondoka anafikiria picha ya tangazo lake.

Watu utakaokuwa nao

Florida ni ardhi ya umma. Siku ya ufunguzi utakutana na wengine wenye vibali kama chako, na ibeksi husikia milio ya kwanza kisha wakahamia upande usiofikika. Kiongozi mzuri wa pale hujua ibeksi waliosumbuliwa kaskazini hutokea wapi kusini. Kazi yake kubwa ni macho: darubini kubwa juu ya miguu mitatu, saa nyingi za kukaa kimya, kisha kupanda kwa mkupuo mmoja. Mnakuwa wawili au watatu, jioni mnalala Deming kwenye hoteli ya kando ya barabara kuu, na mzigo mnabeba wenyewe. Kutoka El Paso kwenye uwanja wa ndege ni kilomita kama 160 za lami.

Kirthar bonde ni lenu peke yenu. Viongozi wa kweli ni wenyeji, Wasindhi na Wabulushi waliokua wakichunga mbuzi kwenye miamba ile ile, wakiwa na afisa wa idara ya wanyamapori pamoja nanyi. Msafara ni mkubwa: mpishi, dereva, walinzi, vijana wa kubeba. Mtu wa Mombasa atasikia majina na koo ambazo si ngeni masikioni mwake, kwa kuwa Wabulushi wamekaa pwani yetu tangu enzi za ngome za Waomani. Ukibaki na nusu siku Karachi, pita Manghopir, kwenye kaburi la walii lenye bwawa la mamba. Wanaosimama mstari wa mbele katika sherehe zake ni Washidi, watu ambao wazee wao wengi walivuka bahari kutoka upande wetu.

Kwa msomaji Mwislamu kuna jambo jingine linaloipa Kirthar uzito. Vijana wa msako hukimbia na kisu ili mnyama achinjwe akiwa bado na uhai, bismillah hutajwa kabla ya risasi, na nyama hugawiwa kijijini siku hiyo hiyo. Florida hayo utayapanga mwenyewe na kiongozi wako, na wengi wao huyapokea kwa heshima wakielezwa mapema. Sheria ya New Mexico pia inakataza kutupa nyama inayolika, kwa hiyo kila pande la mnyama litashuka mlimani juu ya migongo yenu. Weka hilo akilini unapofikiria magoti yako.

Pembe na ngozi za Kirthar zinahitaji hati ya kutoka, kwa kuwa Pakistan imemworodhesha mnyama huyu kwenye Kiambatisho cha III cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, pamoja na kibali cha mifugo cha nchi unayorudi. Uliza nani anazifuatilia baada ya wewe kuondoka, na gharama hiyo imo kwenye bei au haimo.

Usivyopaswa kuvikubali

Texas utauziwa "ibeksi" kwa siku mbili, bila droo. Wengi wao wako ndani ya uzio mrefu, na si wachache waliochanganywa damu na mbuzi wa kufugwa. Ni biashara halali ya pale, lakini si uwindaji wa porini, na anayekutoza bei ya porini anakudhulumu.

Kwa ndugu walioko Maskati na Salala: ibeksi wa Nubia anayeonekana kwenye magenge ya Jabal Samhan, Oman, eneo lililotangazwa hifadhi mwaka 1997, analindwa na sheria, na Amri ya Kifalme namba 6 ya 2003 ina adhabu kali kwa anayemgusa. Mtu akikunong'oneza kwamba anajua njia, mwache na njia yake. Nenda na darubini na kamera; kumwona jike akishuka genge na mtoto wake ni safari kamili. Milima ya Bahari ya Shamu ya Sudan ilikuwa na misako ya ibeksi huyo, lakini tangu vita vya Aprili 2023 hapana cha kuzungumza. Walia, ibeksi wa milima ya Simien, Ethiopia, hawindwi kabisa.

Tarehe

Maombi ya New Mexico kwa kawaida hufungwa katikati ya Machi, kwa hiyo Januari uwe umeshaongea na kampuni zaidi ya moja na kuuliza ni wateja wangapi wa ibeksi waliowapeleka, na wangapi waliowarudisha bila kufyatua kwa sababu hapakuwa na nafasi safi. Kirthar, anza kuulizia kabla ya Agosti kwa msimu wa baridi unaofuata. Angalia pia kalenda ya Kiislamu: mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaanza Februari, kisha inaingia Januari. Viongozi wako watakuwa wamefunga, na kupanda majabali bila maji ni mzigo usiowatendea haki. Novemba na Desemba ni nafuu kwenu nyote.